Mtama, Mahindi na Kosa la Mwalimu

Katika gazeti letu hili walimu wengi huandika habari za kazi zao njema: shule zilizojengwa, watoto walioshinda mitihani, na bustani zilizositawi. Habari hizo nami huzisoma kwa furaha. Lakini leo nataka kuandika habari ya kosa nililolifanya mimi mwenyewe, kwa kuwa nadhani kosa likisemwa wazi laweza kumwonya mwalimu mwingine kuliko sifa kumi. Jambo lenyewe ni la kilimo katika nchi ya Ugogo, na jinsi wakulima wa huko wanavyojitahidi kuishi na mvua ambazo si zile walizozijua baba zao.

Kwanza niseme habari za nchi yenyewe, kwa ajili ya wasomaji wasioijua. Ugogo ni katikati ya Tanzania, katika pande za Dodoma, Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa na Manyoni. Mvua yake ni ya msimu mmoja tu. Huanza mwishoni mwa Novemba au katika Desemba, nayo hukoma mwezi wa Aprili. Kisha miezi saba jua huwaka, na upepo huvuma vumbi. Kipimo cha mvua ya Dodoma kwa mwaka ni yapata milimita 570, lakini hesabu hiyo ni ya kadiri tu, maana mwaka mmoja waweza kupita sana na mwaka mwingine kupungua sana. Tena katikati ya msimu, mara nyingi mwezi wa Februari, mvua hukatika kwa majuma mawili au zaidi, hata mkulima akatazama mbingu kila asubuhi. Kwa hiyo wenyeji tangu kale walishika uwele na mtama, nafaka zinazovumilia jua. Ugali wa uwele na mlenda ndicho chakula kilichowakuza.

Mimi si mzaliwa wa huko. Nalizaliwa katika Nyanda za Juu za Kusini, ambako mvua ni nyingi na mahindi ndiyo chakula cha kila nyumba. Kwetu sisi ugali ni mweupe, na mtu akisema amelala na njaa maana yake ni kwamba hakula ugali wa mahindi. Mwaka 2014, mara nilipomaliza chuo cha ualimu cha Misheni, nalipelekwa kufundisha katika shule moja ya kijiji upande wa mashariki wa Dodoma. Nalifika na sanduku la vitabu na bidii nyingi, nikidhani kwamba niliyojifunza yatanitosha.

Haukupita mwaka nikaona jambo lililonisumbua. Tangu Machi hata Mei, madarasa yalikuwa nusu tupu. Watoto walikuwa shambani wakiamia ndege. Kwelea huja makundi kwa makundi kama wingu, nao wakitua katika shamba la mtama au uwele uliokaribia kukomaa, hulimaliza kabla jua halijatua. Basi kila nyumba huweka mtoto juu ya dungu, na teo mkononi, tangu alfajiri mpaka magharibi. Nalitazama daftari ya mahudhurio, nikaona alama za kutokuwapo zimejaa kama chungu kwenye njia yao. Nikasema moyoni, “Huu mtama ndio adui wa elimu.”

Nikatafuta dawa, nayo nikaiona upesi, kwa kuwa naliijua tangu utoto wangu. Mahindi yamevikwa maganda, kwelea hayawezi. Tena hayamchoshi mama kwa kazi ya kutwanga na kukoboa kama mtama, na unga wake hupendwa mjini. Maneno haya yote ni kweli, wala sikuyabuni. Watu wengi wa kijiji walikuwa wamekwisha kuyaona, nao walipanda mahindi kidogo kidogo mabondeni na penye samadi nyuma ya zizi. Mimi nikataka wapande mahindi matupu.

Katika mkutano wa wazazi, mwezi wa Septemba 2016, nalisimama nikasema kwa muda mrefu. Nikasema kwamba mtama ni chakula cha zamani, na kwamba mzazi ampendaye mwanawe na kutaka asome hana budi kupanda mahindi. Mzee mmoja akainuka, akaegemea fimbo yake, akanena, “Mwalimu, maneno yako ni mazuri nasi twakuheshimu. Lakini mahindi ni mgeni. Akikosa maji siku chache hukasirika akaenda zake. Mtama ni mwenyeji. Hata akilala na njaa haondoki.” Watu wakacheka kidogo. Nami kwa haraka ya ujana nikamjibu kwamba nyakati zimebadilika. Neno hilo lilikuwa kweli kuliko nilivyojua, lakini halikuwa kweli kwa upande nilioudhani.

Baada ya mkutano mama mmoja mjane alinijia. Alikuwa na watoto watatu, mvulana na wasichana wawili wadogo. Yule mvulana alikuwa darasa la sita, naye katika hesabu hakuwa na wa kumfikia. Mama akasema, “Mwalimu, ukisema wewe, mimi napanda. Mtoto huyu ni wako kama alivyo wangu.” Alikuwa na eka tatu. Miaka yote alipanda uwele na mtama katika eka mbili na nusu, na mahindi katika sehemu iliyobaki penye bonde. Mwaka ule aliuza mbuzi wawili, akanunua mbegu za mahindi za dukani, akazipanda eka zote tatu.

Mvua za mwaka ule zilichelewa. Zilikuja karibu na Noeli, na mwezi wa Januari mahindi yalisitawi vizuri hata nikaona fahari nikipita njiani. Katika Februari, mbelewele zilipoanza kutokeza, mvua ilikatika. Shuleni tulikuwa na kopo la kupimia mvua, na watoto waliandika kipimo kila asubuhi. Wakaandika sifuri, na sifuri, na sifuri, zaidi ya majuma matatu.

Wasomaji walio wakulima wanajua yaliyofuata, lakini kwa ajili ya wengine nitaeleza. Mahindi yana siku zake za hatari. Mbelewele za juu hutoa unga wa uzazi, na ndevu za gunzi huupokea ili punje zifanyike. Ardhi ikikauka katika siku zile, ndevu huchelewa kutoka na unga ule hufa kwa joto. Gunzi likabaki bila punje, na mvua ijayo baadaye haliwezi kulisaidia. Mtama haufanyi hivyo. Mizizi yake hushuka sana, na jua likizidi hukunja majani yake, ukasimama pasipo kukua, ukingoja. Mvua ikirudi nao huendelea na safari yake. Ndivyo yule mzee alivyonena kwa maneno machache, nami sikumwelewa.

Mvua ilirudi Machi. Mzee alivuna mtama, si mwingi, lakini wa kutosha nyumba yake. Yule mama katika eka tatu hakupata hata gunia moja. Mwaka ule wa 2017 bei ya mahindi ilipanda sana kila mahali, wala hakuwa tena na mbuzi wa kuuza.

Mwezi wa Aprili mvulana hakuonekana darasani. Siku zilipopita kadiri ya sheria nikaandika katika daftari neno “mtoro.” Kesho yake mama akaja shuleni, akaketi chini ya mti mpaka nilipomaliza kipindi. Hakunilaumu kwa neno hata moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akasema tu, “Mwalimu, usimwandike mtoro. Mtoto huyu hakukimbia shule. Amekwenda kututafutia unga.” Kumbe alikuwa amepanda lori la mkaa, akaenda mjini Dodoma. Serikali ilikuwa imetangaza mwaka 2016 kwamba itahamia Dodoma, na kila upande wa mji watu walikuwa wakijenga.

Katika likizo ya Pasaka nalikwenda kumtafuta. Nalimkuta akibeba matofali penye ujenzi, mabega yake yamechubuka. Alinisalimu kwa adabu, akaniandalia tofali la kukalia. Nikamwambia arudi, na ya kuwa nitamsaidia vitabu. Akafikiri kidogo, akasema, “Mwalimu, nikirudi, mama atagawa kibaba kwa watu wanne badala ya watatu.” Mimi niliyemfundisha kugawanya nalikosa la kumjibu. Nikarudi peke yangu.

Tazameni basi, wasomaji. Nalitaka mtoto asiondolewe shuleni na ndege kwa miezi miwili, na kwa shauri langu aliondolewa na njaa moja kwa moja. Shauri langu halikuwa la uongo. Lilikuwa shauri la mahali pengine. Tena, nikijichunguza kwa haki, nalikuwa nikifikiri daftari yangu kuliko ghala yao. Mkulima akikosea hulala na njaa. Mwalimu akikosea, mshahara wake huja mwisho wa mwezi.

Nalikwenda nyumbani kwa yule mzee. Nikamwamkia “Mbukwa,” naye akanijibu “Mbukwa,” akanipa kigoda. Nikasema, “Babu, nimekuja kufundishwa.” Hakunicheka. Tangu siku ile nikawa mwanafunzi wake kila Jumamosi.

Akanieleza kwamba wazee hawakuweka shamba lote mahali pamoja. Uwele waliupanda penye mchanga, mtama penye udongo mzito, na mahindi machache bondeni, ili mwaka mbaya kwa shamba moja usiwe mbaya kwa yote. Nafaka waliiweka ghalani ipite msimu mmoja na zaidi. Ng'ombe hawakuwafuga wote zizi moja, bali waliwaweka kwa ndugu na marafiki walio mbali, ili ukame au maradhi yasiwamalize kwa siku moja, na siku ya njaa wabadilishwe kwa nafaka. Wasomaji wa Biblia wataikumbuka ghala ya Yusufu huko Misri. Wazee wa Ugogo waliijua hekima hiyo hata kabla Injili haijafika.

Akanisimulia pia njaa waliyoiita Mtunya, aliyoisikia kwa baba yake. Ilikuwa mwishoni mwa Vita Kuu ya kwanza, yapata 1917 mpaka 1920. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe na nafaka za watu, na vijana wakachukuliwa kuwa wapagazi. Kisha mvua zikakosekana, wala hapakuwa tena na akiba. Watu wengi mno wakafa. Babu akasema, “Jua peke yake halikuua watu wale. Jua lilikuta ghala tupu.” Neno hilo nimelifundisha katika somo la historia tangu hapo.

Nami nikamsimulia habari ya Kongwa niliyoisoma vitabuni, ingawa yeye aliijua kwa macho ya utoto wake. Baada ya vita vya pili Serikali ya Uingereza ilikusudia kulima karanga katika eka zaidi ya milioni 3, nyingi zake katika Tanganyika, ili kupata mafuta ya kula, na kazi ilianza huko Kongwa mwaka 1947. Walileta matrekta na wataalamu. Lakini mibuyu na vichaka viliwashinda, udongo uliponyeshewa kisha ukakauka ukawa mgumu kama sakafu, na mvua hazikuja kama walivyotumaini. Mwanzo wa 1951 shauri lile likaachwa, na fedha zilizopotea zilikuwa yapata pauni milioni 36. Mzee akatikisa kichwa. Nami nikaona kwamba kosa langu lilikuwa ndugu mdogo wa kosa la Kongwa: kuja na mazao mkononi kabla ya kuuliza habari za mvua.

Lakini nisiwadanganye wasomaji kwamba dawa ni kurudi tu kwenye mambo ya zamani. Yule mzee mwenyewe alikataa kusema hivyo. Alisema, “Zamani tulitazama Kilimia, tukatazama mibuyu ikichanua, tukajua. Siku hizi Kilimia huja kwa wakati wake lakini mvua haimfuati.” Mvua huchelewa, kiangazi cha Februari hurefuka, na mvua ikija yaweza kuja yote kwa siku moja, ikachukua udongo. Tena watu wameongezeka, hapana mashamba ya kupumzisha, na miti imekatwa kwa mkaa. Wengi hulima kwa kuberega, yaani kufyeka na kuchoma mabua, kisha kupanda bila kutifua. Na ardhi isiyotifuliwa huwa ngumu, maji hupita juu yake kama juu ya bati.

Hapo nikaona mahali ambapo mwalimu aweza kusaidia pasipo kujifanya mjuzi, maana maji ni hesabu. Nikawapa watoto wa darasa la sita swali hili: Eka moja ni mita za mraba 4,047. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 30 ikinyesha usiku mmoja, eka moja imepokea maji kiasi gani? Wakapata lita 121,410, yaani zaidi ya debe 6,000. Watoto wakashangaa, maana wao huchota maji debe moja moja kutoka mbali. Mtoto mmoja akauliza, “Mwalimu, maji hayo yote huenda wapi?” Nikawatoa nje, tukatazama korongo lililo nyuma ya shule. Basi jibu likawa wazi. Mungu hutupa maji kuliko tunavyodhani, ila hatuyashiki.

Si mbali na mji wa Dodoma kuna kijiji kiitwacho Chololo, na wakulima wa huko wamekuwa walimu wetu. Wao huchimba mashimo madogo, upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 30, kwa mistari. Kutoka shimo hata shimo ni sentimita 60, na kutoka mstari hata mstari ni sentimita 90. Ndani hutia samadi na makapi yashikayo unyevu, na majivu ya kufukuza mchwa, kisha udongo kidogo, wakiacha nafasi juu ili maji yatuame. Humo hupanda mbegu moja au mbili. Maji ambayo yangekimbilia korongoni hulala miguuni pa mmea, nao huweza kuvuka kiangazi cha Februari. Kutoka mwaka 2011 Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini cha Dodoma kilishirikiana na wataalamu wengine na wanakijiji wa Chololo kuyajaribu mambo haya na mengine: matuta yaliyozibwa kila hatua chache ili maji yasikimbie, majembe ya ng'ombe ya kupasua ardhi ngumu, na mbegu zinazokomaa upesi, kama vile mtama wa Macia na uwele wa Okoa.

Yule mama alisikia habari hizi, akanijia tena. Nalishangaa kwamba aliweza kunijia. Safari hii sikumwambia “panda.” Nikamwambia, “Mama, mimi sijui kama yatafaa katika udongo wako. Nitachimba kwanza katika shamba la shule, nawe utazame.” Watoto wakapiga hesabu ya mashimo: eka moja huhitaji mashimo yapata 7,500. Mtu akichimba 100 kwa siku, kazi itamchukua siku 75. Mjane peke yake aiweze wapi? Hapo ndipo wengi hukosea wanaposifu jambo jipya. Hutaja mavuno, wala hawataji mgongo wa mtu.

Shamba la shule lilipoonyesha faida, wanawake kumi wakafanya ujima. Kila mwaka baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, walikwenda shamba hata shamba, wakichimba robo eka kwa kila mmoja. Shimo likisha kuchimbwa hutumika miaka kadhaa, kwa hiyo kazi ya mwaka wa pili ilikuwa nyepesi kuliko ya kwanza, na wakaongeza robo nyingine. Sehemu iliyobaki walilima kwa matuta. Mahindi hawakuyaacha, lakini yalirudi kwao bondeni.

Likabaki jambo la kwelea, lililokuwa mwanzo wa habari yote. Nalidhani ndege ni shauri la mtama peke yake, kumbe ni shauri la tarehe pia. Mashamba yalipokomaa kila moja kwa wakati wake, ndege walipata meza iliyoandaliwa kwa miezi miwili. Basi katika mkutano wa wazazi tulikubaliana kwamba majirani wapande aina moja ya mtama kwa juma moja. Mashamba yakikomaa pamoja, ndege hugawanyika juu ya mengi, na siku za kuamia hupungua. Tena watu wazima wakakubali kushika zamu ya asubuhi, na watoto wapokee baada ya masomo. Ndege hawakukoma. Katika miaka mingine huja wengi hata Serikali hupeleka eropleni ya kunyunyiza dawa. Lakini daftari yangu ya Aprili haifanani na ile ya mwaka 2015.

Kadhalika tumejifunza kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kabla ya msimu hutangazwa kama mvua zaelekea kuwa za wastani, au chini yake, au juu yake. Mimi huusoma utabiri mbele ya wazazi, kisha wazee hutoa dalili zao, na kila mtu huamua mwenyewe. Utabiri si ahadi. Ni mwangaza wa taa katika njia yenye giza, huonyesha hatua chache. Lakini hatua chache ni bora kuliko kutoona.

Wala mtu asidhani kwamba taabu yetu ni ukame tu. Mwisho wa mwaka 2023 ilikuja mvua ya kupita kiasi, iliyoletwa na hali wanayoiita El Niño. Desemba ile matope yalishuka kutoka mlima Hanang, yakafunika nyumba za Katesh, na makumi ya watu wakafa. Mashambani kwetu mashimo mengi yalifukiwa na matope, ikabidi yachimbwe upya. Wataalamu hutueleza kwamba dunia imepata joto zaidi ya digrii 1 kuliko ilivyokuwa kabla ya viwanda kuenea, kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe na mafuta. Na hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, hivyo ukame huwa mkali na gharika huwa kubwa. Katika moshi huo wa kila mwaka Afrika nzima haitoi hata sehemu 5 katika kila 100. Mjane wa Ugogo hana gari wala kiwanda, naye ndiye alipaye kwanza. Hili ni neno la kuwaambia wakubwa wa dunia, wala tusiche kulisema. Lakini wakati tukilisema, Desemba huja, na mbegu lazima iingie ardhini.

Sasa nimalizie habari ya yule mvulana. Hakurudi shuleni. Alijifunza uashi, naye leo ni fundi hodari mjini. Watu huniambia, “Mwalimu, usihuzunike, amefanikiwa.” Namshukuru Mungu kwa hayo, lakini mimi najua alivyokuwa katika hesabu. Neno nililoliandika katika daftari ya mwaka 2017 lipo hata leo, nami kila nifunguapo kabati hulikumbuka.

Mwaka jana baada ya mavuno yule mama alikuja shuleni na debe moja la mtama kichwani. Wazazi wetu huchanga nafaka kwa uji wa watoto wa mchana, na kila nyumba hutoa kadiri iwezavyo. Nikamsaidia kulitua. Nikasema, “Mama, hili ni kubwa kuliko sehemu yako.” Akajibu, “Mwalimu, yule wangu hakuunywa uji huu. Wape hawa.” Kisha akakung'uta kanga yake, akaenda zake shambani.

Basi walimu wenzangu, hasa ninyi vijana mnaopelekwa pande msizozaliwa, nina ombi moja. Mkiona jambo mnalotaka kulibadili katika kilimo cha watu, ulizeni kwanza kwa nini walilishika. Kisha jambo jipya lijaribuni katika shamba la shule kwa miaka mitatu, mwaka wa mvua na mwaka wa jua, ili hasara ikitokea iwe yenu. Na mwenye habari za wakulima wa kwake, wa Usukuma au Upare au pwani, jinsi wanavyoshindana na mvua hizi, ailete kwa Mhariri, tufundishane. Elimu ya mvua imekuwa mpya kwetu sote, wazee na vijana, na katika darasa hilo hakuna aliyekwisha kufaulu.